Matundu ya Chini ya Mlango

Watu wengi hudhani kwamba mlango wa gari umeundwa ili maji ya mvua yasiingie ndani yake. Sivyo ulivyo. Wale waliouunda walikubali tangu mwanzo kwamba maji yataingia, na kazi yao kubwa ikawa ni kuyaonyesha njia ya kutokea. Nimefundisha shule za msingi kwa karibu miaka thelathini na minane, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Mambo mengi niliyajua kwa kuyasoma. Hili la mlango nililijua baada ya kustaafu, hapa hapa Nyamwaga, nikiwa nimeketi juu ya debe kivulini na bisibisi mkononi.

Msomaji na atazame kioo cha gari lolote. Kioo hicho hupanda na kushuka, kwa hiyo hapana budi pawe na mwanya kinapopitia. Kwenye mwanya huo pana ukanda wa mpira ambao hukifuta kioo kinaposhuka na kupunguza maji, lakini kuyazuia yote hauwezi. Mvua za Aprili zinapoteremka katika milima yetu ya Tarime, maji hupenya. Yakishapenya huteleza ndani ya bati la nje, yakapita kando ya mashine ya kupandishia kioo, hata yakafika sakafu ya mlango. Pale chini kabisa, mahali ambapo mtu haoni mpaka apige magoti, pana matundu madogo. Maji hutokea hapo na kudondoka barabarani. Hiyo ndiyo safari yake, na kama njia iko wazi, abiria hajui kwamba safari hiyo imefanyika.

Upande wa ndani pana jambo la pili. Bati la ndani la mlango limetobolewa matundu makubwa, ili fundi aweze kuingiza mkono na kutengeneza kitasa au mashine ya kioo. Matundu hayo hufunikwa kwa karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Juu ya nailoni ndipo hupachikwa ule ubao mwembamba uliovikwa kitambaa au ngozi ya bandia, ambao abiria hugusa kwa kiwiko chake. Ubao huo ni pambo. Kinachotenga mvua na abiria ni ile nailoni ambayo haonekani mtu wa kuisifu.

Gari langu ni pikapu ya Toyota yenye milango miwili, iliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuvuka bahari. Vijana wa leo huona magari ya namna hiyo kama jambo la kawaida, lakini sisi wazee tunakumbuka wakati ambapo mwalimu kumiliki gari lilikuwa jambo la ndotoni. Ni baada ya mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, ndipo mlango wa biashara ulipoanza kufunguka, na miaka ya tisini magari ya mitumba yakaongezeka. Japani nao huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo gari likishuka melini huwa tayari lina usukani mahali pake.

Kijijini gari la mtu mmoja ni gari la watu wote. Langu limebeba mahindi, ulezi, ndizi, saruji, mabati, majeneza na maharusi. Zaidi ya yote limebeba wagonjwa. Usiku wa manane mtu akibisha, siulizi ni nani, nauliza ni nani anaumwa. Mgonjwa hukaa mbele, upande wa kushoto, na ndugu zake hupanda nyuma. Kwa sababu hiyo mlango wa kushoto wa gari langu umefunguliwa na watu wengi kuliko mlango wa nyumba yangu.

Mlango huo ndio ulioanza kutupa taabu. Kwanza ilikuja harufu ya ukungu, kama ya gunia la maharagwe lililohifadhiwa likiwa na unyevu. Kisha kioo cha mbele kikawa kinajaa mvuke kila asubuhi. Kisha ule ubao wa ndani ukavimba chini na kupinda. Mke wangu, ambaye kifua chake hakipatani na ukungu, alikataa kukaa mbele, akawa anapanda nyuma kwenye upepo kama mzigo, jambo lililonisumbua moyoni kila tulipokwenda Tarime. Zulia la upande ule lilikuwa halikauki hata jua likiwaka wiki nzima.

Usiku mmoja wa masika nilimpeleka mwanamke mja mzito hospitalini. Alikaa mbele akiwa amembana mama mkwe wake, kwa kuwa nyuma mvua ilikuwa ikinyesha. Njiani yule mama mkwe alishika pindo la khanga ya mkwewe gizani, akalikuta limelowa chapachapa, akapiga kelele kwamba chupa imepasuka. Niliongeza mwendo kwenye utelezi kuliko ilivyofaa. Tulipofika, muuguzi akamulika tochi, akanusa, akasema, "Haya ni maji ya gari." Mtoto alizaliwa kesho yake mchana, salama, na watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Niliwaza ile kona ya utelezi niliyoikata kwa mwendo ule, kwa ajili ya maji ya mvua.

Fundi mmoja aliniambia gari limekwisha, nitafute wa kumuuzia kabla halijaoza kabisa. Wanangu walio mjini wakasema hivyo hivyo kwa simu: "Baba, uza. Unataka nini na gari kwa umri huo?" Swali lao lilikuwa la upendo, lakini nililisikia vibaya. Nilijua kwamba nikiliuza, usiku utakaofuata mtu atabisha vilevile.

Wakati huohuo shemeji yangu, mjane wa marehemu mdogo wangu, alinijia na lake. Kijana wake aliacha shule kidato cha pili. Alikuwa akitoka usiku na wenzake kwenda Nyamongo, ambako tangu mgodi mkubwa wa dhahabu ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, vijana wa vijiji vyetu wamekuwa wakiingia kwenye vifusi kutafuta mawe yenye dhahabu. Wengine hurudi na fedha, wengine na majeraha, na wako ambao hawakurudi. Mama yake alitaka niseme naye. Alisema, "Wewe ni mwalimu, na ndiye baba yake sasa."

Katika miaka yangu ya kazi nimetoa nasaha nyingi, na nimeziona nyingi zikimwagika kama maji juu ya jani la mgomba. Nasaha mpya ya kumpa kijana yule sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni mlango uliolowa. Nikamwita, nikamwambia, "Mura, kesho asubuhi njoo unisaidie kufungua mlango huu." Akaniuliza, "Baba mkubwa, nitalipwa?" Nikasema atalipwa. Akaja.

Kufungua mlango wa gari la namna hii hakuhitaji nguvu, kunahitaji subira. Kwanza hutolewa skrubu za mahali pa kushikia na za kitasa cha ndani. Mkono wa kuzungushia kioo umeshikwa kwa kipini cha waya kilichofichwa nyuma yake. Mtu hupitisha kitambaa chakavu nyuma ya mkono huo, akakivuta huku na huku kama anayeng'arisha kiatu, na kipini kikaruka. Hapo aweke jicho, maana kikipotea kwenye nyasi siku imekwisha. Baadaye ubao wenyewe hubanduliwa kwa kupenyeza kitu bapa karibu na kila kishikizo, kimoja baada ya kimoja. Anayeuvuta kwa hasira huung'oa ukiwa vipande.

Tulipoutoa ubao tulikuta kwamba nailoni hakuna. Yalibaki matambara mawili matatu kwenye gundi ya zamani. Fundi fulani wa siku zilizopita aliwahi kutengeneza mashine ya kioo, akaichana nailoni ili apate njia, na alipomaliza akarudisha ubao na kupokea fedha zake. Kioo kilipanda na kushuka vizuri, na mwenye gari akashukuru. Kazi mbaya ya aina hii haimshtaki mtu siku ile, hungoja mvua.

Lakini ajabu kubwa ilikuwa chini. Kijana alipoutikisa mlango, ulilia kama kibuyu chenye maziwa. Akalala chali chini yake, akapapasa, akasema, "Baba mkubwa, huku kumezibwa." Matundu yote ya kutolea maji yalikuwa yamejazwa puti na kupakwa rangi juu, kwa unadhifu kabisa. Alipoitoboa puti kwa msumari, yakamwagika maji mekundu yenye tope, akainuka na uso umelowa. Kwa mara ya kwanza siku ile alicheka. Kisha akauliza swali ambalo mwalimu yeyote angefurahi kuulizwa: "Huyu aliyeziba alikuwa anazuia nini?"

Nilimjibu kwamba yamkini alikuwa anazuia vumbi. Vumbi letu ni jekundu na laini, huingia kila mahali. Labda mtu aliona matundu chini ya mlango, akadhani ni kazi ya kutu, akayatibu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi methali hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi. Sikuona tatizo katika methali. Lakini anayetaka kuitumia hana budi kuuliza kwanza ufa ule upo kwa ajili gani. Upo ufa ulioletwa na uchakavu, na upo mwanya uliowekwa na fundi mwenye akili. Mtu akiuziba huu wa pili kwa bidii, ataoza kwa bidii hiyo hiyo.

Kutu haihitaji maji mengi. Inahitaji chuma, unyevu na hewa, na inahitaji muda. Tope lililoganda kwenye kona ya mlango hushika unyevu siku nyingi baada ya mvua kukoma, ndiyo maana milango huanza kuoza kutoka chini na kutoka ndani. Rangi ya nje inapoanza kuvimba malengelenge, kazi ya kutu imekwisha kwenda mbali. Sisi tulikuta tundu lenye ukubwa wa sarafu kwenye kona ya mbele. Fundi bodi wa hapa senta alituchomelea kiraka cha bati. Tulikwangua kwa brashi ya waya, tukapiga msasa, tukakausha juani siku nzima, tukapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu na, ilipokauka, rangi ya kawaida juu yake. Matundu ya chini tuliyaacha wazi, na kila tulipomaliza kupaka tulipitisha waya humo ili rangi isiyafunge tena.

Ikabaki nailoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwetu tarehe 1 Juni 2019, na hata hivyo isingefaa, ni myepesi mno. Tulitumia ile nailoni nzito ambayo wajenzi hutandika chini ya zege ili unyevu wa ardhi usipande. Kitu hiki kilipatikana kwa bahati mwaka 1933 katika maabara ya kemia huko Uingereza, na sifa yake ni kwamba maji hayapiti na gundi nyingi hazikishiki. Sifa ya kwanza ndiyo tunayoitaka. Ya pili ndiyo huwashinda mafundi, maana gundi ya viatu hushika leo na kuachia mwezi ujao. Inayofaa ni ile gundi nyeusi ya utepe, ya jamii ya mpira, inayobaki laini na yenye kunata miaka mingi. Niliagiza Mwanza. Mtu asidanganywe na silikoni inayonuka siki, kwani siki hiyo ni asidi, nayo hula bati lililo wazi.

Nilimwachia kijana akate na kubandika mwenyewe. Aliupima ubao juu ya nailoni, akakata kwa wembe, akatoboa mahali pa kitasa na pa mkono wa kioo, akabandika pande zote nne juu ya bati, safi kama bahasha. Nilipokuwa chuoni tulisoma Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967, lililotaka shule imfundishe mtoto kufikiri na kufanya kwa pamoja. Kwa hiyo sikumwambia kitu. Nilimpa kopo la maji nikasema, "Mwaga juu ya kioo, halafu ufuate tone moja na macho."

Akamwaga. Maji mengi yalitoka kwenye matundu ya chini kama inavyotakiwa. Lakini machache yaliruka kutoka kwenye mashine ya kioo, yakagonga nailoni kwa ndani, yakateremka nayo hadi ukingo wa chini, yakajikusanya nyuma ya gundi, na baada ya dakika chache yakapata njia kidogo ya kutokea upande wa abiria. Akanitazama. Nikamwonyesha jiko la bibi yake, ambalo bado tunaliezeka kwa nyasi. Nikamuuliza mwezekaji huanzia wapi. Akasema, "Chini." Kwa nini? Akafikiri. "Ili ya juu ilalie ya chini." Na maji? "Yadondokee nje." Sikuongeza neno. Aliubandua ukingo wa chini wa nailoni, akauchomeka ndani ya mlango kupitia mwanya wa bati, ili kila tone linaloteremka lirudi tumboni mwa mlango na kutoka kwa matundu. Akamwaga kopo la pili, na la tatu. Upande wa abiria ukabaki mkavu.

Kazi hiyo ilichukua siku nne, kwa sababu ya kungoja rangi ikauke. Katika kungoja huko, na hasa wakati wa kupiga msasa, ambapo mikono ina kazi na macho hayahitaji kukutana, kijana alianza kusema. Hakusema kwa kuulizwa. Alisema juu ya rafiki yake aliyeteleza kwenye kifusi gizani na kuvunjika, jinsi walivyombeba kwa zamu, na jinsi ambavyo yeye hapati usingizi tangu siku ile. Kisha akasema juu ya baba yake. Tangu tulipomzika mdogo wangu, katika boma letu tulikuwa tumekubaliana bila kukubaliana kwamba mtoto yule wa kiume asilie, kwa kuwa ni mwanamume wa nyumba. Nilikuwa nikisikiliza huku nikisugua bati, na yote aliyoyasema yalikuwa yamekaa ndani yake mwaka mzima na zaidi.

Sisi Wakurya tuna sifa ya ukali, na sifa hiyo hatuikatai sana. Lakini wazee waliotutangulia hawakuwa wajinga. Walikuwa na iritongo, baraza la watu wote, ambapo jambo liliweza kusemwa hadharani hata likaisha nguvu. Siwezi kusema kwamba baraza lile lilikuwa la haki kila mara. Ninachosema ni kwamba walijua uchungu utaingia katika kila boma, wakatenga mahali pa kutokea. Shuleni nako nimeona walimu wanaojivunia darasa lisilo na sauti. Huenda darasa limetulia. Huenda pia limezibwa, na mwalimu hatajua ni lipi mpaka alitikise.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kijana aliacha kwenda Nyamongo siku ile ile. Alikwenda tena, mara mbili ninazozijua. Mama yake alikesha usiku hizo, na mimi nilikesha kwangu. Lakini mlango wa kulia, wa dereva, aliufungua peke yake bila kuitwa, akakuta nailoni yake imechanika nusu, akaitengeneza. Mwenye pikapu nyingine akamwona, akamwita kwake. Sasa yuko katika gereji moja hapa senta, anabeba spana za wakubwa, na anauliza habari za chuo cha VETA kilichoko Musoma. Sijui kama atafika. Nimeweka akiba kidogo kwa ajili hiyo, na sijamwambia.

Gari sikuliuza. Zulia lilikauka baada ya juma moja, harufu ikachukua muda zaidi, na mke wangu amerudi kukaa mbele. Wanangu wameacha kuuliza.

Kwa mwenye gari nitasema hivi tu. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za masika na kabla ya zile za vuli, piga magoti kando ya kila mlango na upitishe waya mwembamba katika matundu ya chini. Mwaga kopo la maji juu ya kioo uone kama yanatoka. Na siku fundi atakapofungua mlango wako kwa sababu yoyote, simama karibu, na kabla hajarudisha ubao, mwombe akuonyeshe nailoni.